Stesheni wagoni mpya ya dizeli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu gari jipya la kizazi cha Euro 6 (kiwango cha moshi cha Ulaya): injini ya dizeli yenye turbo, nozeli za umeme, chujio la masizi (DPF) kwenye ekzosi na tangi la AdBlue, kimiminika cha urea cha kusafishia moshi. Kama unamiliki dizeli ya zamani isiyo na vitu hivyo, mengi ya hapa hayakuhusu, na ushukuru.

KABLA YA KUNUNUA

Nitajuaje kama dizeli inanifaa?

Usianze na bei ya mafuta, wala na jumla ya kilomita zako za mwaka. Anza na urefu wa safari moja moja. Chukua daftari, na kwa wiki mbili andika kila unapowasha gari: umekwenda kilomita ngapi, dakika ngapi, barabara kuu au foleni. Gari linalotimiza kilomita 20,000 kwa mwaka kwa safari za kilomita nne nne ni mgonjwa mtarajiwa. Lenye kilomita 12,000 tu, lakini linalotembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, litadumu.

Kiini cha yote ni joto. Dizeli inabana mafuta kwa sababu haipotezi joto jingi, na kwa sababu hiyo hiyo huchelewa kupata moto. Sindano ya geji ikikaa katikati, hayo ni maji tu. Oili bado iko nyuma, na ekzosi iko nyuma zaidi. Ukizima kila mara kabla havijashika joto, masizi yanajaa kwenye chujio, oili inapata dizeli ndani yake, na vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, inajenga ukoko mweusi.

Kipimo tunachokiamini ni hiki: angalau mara moja kwa wiki uwe na safari ya nusu saa isiyokatika, mwendo wa kilomita 70 kwa saa au zaidi. Unayo? Nunua. Huna? Chukua petroli au haibridi. Na usijipe moyo kwamba utakuwa unalitoa kila Jumapili kwa ajili ya chujio tu. Watu hufanya hivyo miezi miwili, kisha wanasahau.

Bei ya ziada ya dizeli itarudi baada ya kilomita ngapi?

Geuza tofauti ya bei iwe lita. Tuseme gari lile lile la petroli linakula lita 6.8 kwa kilomita 100 na la dizeli lita 5.2 (sawa na kilomita 19 kwa lita). Unaokoa lita 1.6 kila kilomita 100. Kama kwa ile tofauti ya bei ungeweza kununua lita 1,200 za mafuta, gawanya 1,200 kwa 1.6, uzidishe kwa 100: kilomita 75,000. Hapo tumechukulia petroli na dizeli ni bei moja. Kama si bei moja, piga gharama ya kilomita 100 kwa kila mafuta, kisha gawanya tofauti ya bei ya magari kwa tofauti ya gharama hizo. Upande wa dizeli uongeze AdBlue na oili yake, ambayo ni ghali zaidi.

Namba za kwenye karatasi ya mauzo zipandishe asilimia 15 hadi 20 kabla ya kupiga hesabu. Na kuna njia ya haraka ya kuhakiki: lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kama kilo 2.64 za kaboni dioksidi. Chukua gramu zilizoandikwa kwa kila kilomita, gawanya kwa 26.4, utapata lita kwa kilomita 100. Karatasi ikisema gramu 132, basi ni lita 5.0. Muuzaji akikutajia lita 4 kwa gari la gramu 132, mwambie arudie.

Kwa nini stesheni wagoni na si gari refu la kwenda juu (SUV)?

Ni jepesi zaidi, liko chini, halipigani sana na upepo, kwa hiyo linakula kidogo na linakaa vizuri kwenye kona likiwa limebeba. Sakafu ya buti iko usawa wa magoti au juu yake kidogo, hivyo mzigo mzito hauunyanyui hadi kifuani. Kwenye barabara mbovu sana, hata hivyo, uvungu wake mfupi utakuchosha, na ekzosi iko huko huko chini.

Lita za buti zina maana gani?

Kwa kipimo cha VDA cha Ujerumani, buti hujazwa matofali ya lita moja moja, kila moja milimita 200 kwa 100 kwa 50, kisha yanahesabiwa. Škoda Octavia ya stesheni wagoni hutajwa lita 640 na Volkswagen Passat ya sasa lita 690, viti vikiwa vimesimama. Lakini tofali dogo linaingia kwenye pembe ambazo sanduku lako haliingii. Wengine nao huhesabu hadi chini ya sakafu, au hadi darini. Nenda na mkanda wa kupimia: upana kati ya matao ya magurudumu, urefu hadi mgongo wa kiti, na kimo cha mlango wa nyuma mahali pembamba pake. Ikiwezekana, nenda na kigari cha mtoto chenyewe. Vigari viwili vya mtoto vimeua mauzo mengi kuliko rangi.

Gari lina viti vitano na buti kubwa. Si naweza kujaza tu?

Hapa ndipo familia nyingi huvuka kiwango bila kujua. Tafuta namba mbili: uzito wa juu unaoruhusiwa, ambao umepigwa kwenye kibandiko au bamba la nguzo ya mlango, na uzito wa gari tupu, ulio kwenye hati. Tofauti yake ndiyo haki yako ya kubeba.

Mfano: 2,150 kutoa 1,590 ni kilo 560. Kwa hesabu ya Ulaya, gari "tupu" tayari lina dereva wa kilo 75 na tangi la mafuta lililojaa asilimia 90. Sasa pakia. Dereva ana kilo 85, kwa hiyo 10 zinazidi. Abiria wa mbele 70. Watoto watatu wa kilo 45, 30 na 18 ni 93. Viti vyao vitatu ni 26. Jumla 199, zimebaki 361. Sanduku la juu ya paa na vyuma vyake kilo 25, ndani yake kilo 50: zimebaki 286. Ndoano ya kuvutia trela kilo 25, na trela inaikandamiza kwa kilo 80: zimebaki 181. Paa la kioo na siti za umeme ulizoongezea wakati wa kuagiza, ambazo mara nyingi hazimo kwenye uzito wa hati, kilo 40. Zimebaki 141 kwa buti nzima. Hiyo ni masanduku saba ya kilo 20, na huna nafasi ya kreti ya maji.

Paa nalo lina kikomo chake, kwa kawaida kilo 75 hadi 100 pamoja na vyuma na sanduku lenyewe. Ukiwa na wasiwasi, pita kwenye mizani ukiwa umepakia na watu wote wamekaa.

Viti vitatu vya watoto vitakaa nyuma?

Kwenye nyingi, hapana, isipokuwa uchague viti vyembamba. Vingi vina upana wa kama sentimita 44, na cha katikati kwa kawaida hakina ndoano za Isofix, zile za kunasia kiti cha mtoto bila mkanda. Jaribu vitatu kwa pamoja, mikanda imefungwa, mlango umefungwa. Shida huwa si viti; ni mkono wako kushindwa kufikia kufuli la mkanda.

Giaboksi ipi?

Ya kawaida (ya mkono) kwa gharama ndogo, lakini ujue klachi yake inakaa na flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani, na ukibadilisha klachi mara nyingi unabadilisha na hiyo. Kinachoiua ni kuendesha gia ya juu chini ya mizunguko 1,300 huku umekanyaga mafuta: injini inatetema na springi ndizo zinazopigwa. Ya otomatiki yenye klachi mbili za ndani ya oili inataka oili yake ibadilishwe kwa wakati. Katika nyingi ni karibu na kilomita 60,000. Muuzaji akisema oili ni ya maisha yote, muulize maisha ya nani. Kama utavuta trela mara kwa mara, chukua otomatiki yenye toki konveta (inayopitisha nguvu kwa oili badala ya klachi), kwa sababu kwenye mlima wa polepole haichomi klachi.

Dizeli si zinapigwa marufuku?

Zinapungua. Katika Umoja wa Ulaya, mwaka 2015 dizeli zilikuwa karibu nusu ya magari mapya. Kufikia 2024 zilikuwa karibu moja kwa nane. Volvo ilitengeneza dizeli yake ya mwisho mapema 2024. Chanzo kikubwa ni kashfa ya Septemba 2015, Volkswagen ilipobainika Marekani kuwa programu ya injini zake ilikuwa ikidanganya kipimo cha moshi. Kuanzia Septemba 2017 aina mpya za magari Ulaya hupimwa pia barabarani. Gari la Euro 6 bado linaingia London bila kulipa tozo ya ULEZ, yaani ukanda wa magari ya moshi mdogo, lakini sheria za miji hubadilika. Kama unaishi au unafanya kazi ndani ya mji wenye ukanda kama huo, panga kulimiliki miaka michache, si kumi na tano.

SIKU YA KULICHUKUA

Nikague nini kabla ya kusaini?

Nenda mchana, gari likiwa kavu. Maji huficha mikwaruzo. Linganisha namba ya chasisi kwenye kioo, nguzo ya mlango na hati. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi: 1425 ni wiki ya 14 ya mwaka 2025. Tairi zikiwa na umri wa mwaka na nusu, huenda gari limekaa yadi karibu muda huo huo. Hapo uliza betri ilipimwa lini na oili ni ya lini, kisha tazama diski za breki: kutu ya juu juu huondoka baada ya kukanyaga mara kadhaa, lakini mashimo hayaondoki.

Chuchumaa mbele na utazame ubavu mzima kwa mshazari. Paneli iliyopakwa rangi upya huonyesha chembechembe tofauti na jirani yake. Fungua buti, inua sakafu, papasa zulia kama lina unyevu. Hesabu funguo: mbili, pamoja na kile kichwa maalumu cha kufungulia nati za kuzuia wizi wa rimu. Kikipotea hicho, pancha ya usiku inageuka safari ya kuvutwa.

Washa injini ikiwa ya baridi. Wakikupashia kabla hujafika, uliza kwa nini. Kugonga kidogo kwa dakika moja ni kawaida ya dizeli. Moshi mweupe unaoendelea si kawaida.

Tairi la akiba liko wapi?

Huenda halipo. Katika magari mengi tangi la AdBlue limechukua shimo lake, ukaachiwa pampu na chupa ya gundi. Gundi hiyo inaziba tundu la msumari kwenye sehemu inayokanyaga barabara, haizibi ubavu uliopasuka. Uliza kabla ya kuagiza kama tairi jembamba la akiba linapatikana, maana baadaye huenda hakuna pa kulifunga.

Kilomita 1,000 za kwanza niendesheje?

Usivuke theluthi mbili za mizunguko ya juu, usikanyage mafuta hadi sakafuni, na usiende mwendo mmoja kwa masaa. Mzigo wa wastani unaopanda na kushuka ndio unaofanya ringi zikae vizuri kwenye silinda. Breki zinahitaji kilomita 200 hadi 300 kabla hazijashika vizuri, na tairi mpya huteleza kidogo mwanzoni. Trela iache hadi uvuke 1,000. Angalia oili kila baada ya kilomita 500. Injini mpya inaweza kunywa kidogo.

KUISHI NALO

DPF inafanya nini hasa?

Ni kipande cha kauri chenye vijifereji maelfu. Kimoja kimezibwa nyuma, jirani yake kimezibwa mbele, hivyo moshi unalazimika kupenya ukuta, na masizi yanabaki. Kwenye safari ndefu mengine huungua polepole yenyewe. Yasiyoungua hujaa, na kompyuta inaamua kuyachoma: inaingiza dizeli ya ziada pistoni ikiwa inashuka, dizeli hiyo inaenda kuungua kwenye ekzosi, na chujio linafika nyuzi 600 hivi. Kazi huchukua dakika 10 hadi 20, na hutokea kila baada ya kilomita mia chache hadi elfu moja, kutegemea unavyoendesha.

Masizi huungua. Majivu hayaungui. Majivu hutoka kwenye oili ya injini, na ndiyo yanayoamua umri wa chujio, mara nyingi kilomita 150,000 hadi 250,000. Baada ya hapo huvuliwa likasafishwe kwa mashine, au linabadilishwa.

Nitajuaje kuwa linachoma sasa hivi?

Magari mengi hayawashi taa yoyote. Utaona mizunguko ya injini ikiwa imesimama imepanda kutoka kama 800 hadi 900 au 1,000. Injini haijizimi kwenye taa za barabarani kama ilivyozoea. Ulaji wa papo hapo umeruka, na ukishuka kutoka garini feni inavuma na kuna harufu ya chuma cha moto. Ukiikuta hali hiyo karibu na nyumbani, zunguka dakika kumi zaidi. Ukilazimika kuzima, si mwisho wa dunia. Itaanza upya safari ijayo. Kuikatisha mara tano mfululizo ndiyo tabu. Na usiegeshe juu ya majani makavu.

Taa ya DPF ya njano imewaka. Nifanye nini?

Usisimame. Hakikisha kwanza mafuta yapo juu ya akiba, kwa sababu magari mengi hayachomi tangi likiwa karibu tupu. Ingia barabara ya wazi, shika kilomita 70 kwa saa au zaidi, na chagua gia itakayoweka mizunguko juu ya 2,000. Dumu hivyo dakika 15 hadi 20, hata kama taa imezimika njiani.

Isipozimika, au taa ya injini au ya hita plagi ikaungana nayo na gari likapoteza nguvu, acha kujaribu. Hapo masizi yamezidi kiasi ambacho gari hukubali kuyachoma lenyewe, na fundi atalazimisha uchomaji kwa kompyuta. Ukizidi kupuuza, hata yeye atakatazwa na kompyuta, kwa kuwa masizi mengi yakishika moto kwa pamoja hupasua kauri. Kinachobaki ni kulivua.

Limechomwa karakana, na baada ya mwezi limeziba tena.

Basi chujio si mgonjwa, ni mochwari. Kuna kitu mbele yake kinatengeneza masizi au kinazuia uchomaji. Kabla ya kukubali chujio jipya, mtake fundi apime haya. Thamostati: ikibaki wazi, injini haifiki joto na kompyuta haianzi kuchoma. Dalili yake ni sindano ya joto inayoshuka ukiwa barabara kuu, na hita inayotoa hewa vuguvugu. Mipira ya sensa ya kulinganisha presha kabla na baada ya chujio: ikipasuka, kompyuta inasoma uongo. Bomba la hewa la turbo lililochanika: hewa pungufu, moshi mweusi. Nozeli inayovuja. Vali ya EGR iliyokwama wazi. Na betri dhaifu, kwani baadhi ya magari hayaanzi kuchoma umeme ukiwa mdogo. Thamostati na mipira ni vitu vya bei ndogo. Chujio ni moja ya vipuri ghali kuliko vyote kwenye gari hili. Anza na vya bei ndogo.

Fundi anasema tulikate, tubadilishe na programu. Si rahisi zaidi?

Rahisi kwake. Penye ukaguzi wa moshi gari litaanguka, waranti imekufa, bima ina sababu ya kukataa, na mnunuzi wa baadaye anayejua ataweka kidole ndani ya bomba la ekzosi: kwenye dizeli yenye chujio zima kidole kinatoka karibu safi. Kikitoka cheusi tii, amekupata. Na ile thamostati mbovu bado ni mbovu.

Niweke oili gani?

Ile yenye namba ya kibali iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, herufi kwa herufi: kwa mfano VW 507 00, MB 229.52 au BMW LL-04. "5W-30" ni uzito tu. Chupa mbili za 5W-30 zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa: kwa makundi ya ACEA (chama cha watengenezaji magari wa Ulaya), za C3 zina majivu yasiyozidi asilimia 0.8, ilhali za A3/B4 zinafika hadi 1.6. Ukimimina A3/B4 kila sevisi, unajaza chujio majivu kwa kasi ya hadi maradufu.

Kiwanda kinaweza kukuruhusu kilomita 30,000 au miaka miwili. Hiyo ni kwa gari la barabara kuu. Kama una safari fupi, vumbi au trela, badilisha kila 15,000 au kila mwaka, kipi kitangulie. Injini ya lita 2 huchukua kwa kawaida lita 5 hivi, na kati ya alama ya chini na ya juu ya kijiti ni kama lita moja.

Oili imepanda juu ya alama. Nani kaiongeza?

Dizeli. Uchomaji uliokatizwa huacha dizeli kwenye kuta za silinda, nayo huteremka kwenye oili. Petroli ingegeuka mvuke kadiri injini inavyopata moto. Dizeli haigeuki mvuke kirahisi. Pima gari likiwa sehemu tambarare, injini imepata moto, imezimwa dakika 5 hadi 10. Nusa kijiti, kisha dondosha tone kwenye karatasi ya tishu: dizeli huacha duara la mafuta mepesi linaloenea kuzunguka doa jeusi.

Ikiwa juu ya alama, badilisha oili na chujio lake. Usinyonye tu ile iliyozidi, maana iliyobaki imekwisha kuwa nyepesi. Kuna hatari kubwa zaidi: oili nyingi ikivutwa kwenye njia ya hewa, injini huanza kuila na kujizungusha yenyewe hata ukizima swichi. Likitokea hilo kwenye gari la gia za kawaida, kanyaga breki kwa nguvu, ingiza gia ya juu na uachie klachi ili ife.

AdBlue ni nini, na nitaiongeza mara ngapi?

Ni urea asilimia 32.5 ndani ya maji safi yasiyo na madini. Hunyunyizwa kwenye ekzosi na kugeuza oksidi za naitrojeni kuwa naitrojeni ya kawaida na mvuke. Ulaji wa wastani ni lita 1 hadi 2 kwa kilomita 1,000. Tangi la lita 12 na ulaji wa 1.2 hukufikisha 10,000. Onyo huanza mapema, mara nyingi kilomita zaidi ya 2,000 kabla, na huhesabu kurudi nyuma. Ikifika sifuri injini haitakata njiani, ila ukiizima haiwaki tena. Kisheria imetengenezwa hivyo.

Nunua yenye alama ya ISO 22241. Ukiona onyo, ongeza angalau lita 5, kwa sababu magari mengi hayatambui kidogo kuliko hapo. Iliyomwagika isuguliwe na maji mara moja. Ikikauka huwa chumvi nyeupe inayokula rangi. Usihifadhi galoni kwenye buti lenye joto kwa miezi, urea huharibika. Huganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri, lakini tangi lina hita. Na usijaribu kuchanganya mwenyewe mbolea na maji ya bomba: madini yake hukaa kwenye kinyunyizi na kwenye kichocheo cha ekzosi kinachosafisha moshi, na hapo pochi yako itaumia.

Nimeweka petroli. Au AdBlue kwenye tangi la dizeli.

Usiwashe. Hata swichi usiigeuze, kwa kuwa pampu ya tangini huanza kusukuma mara moja. Weka gari nyutro, lisukumwe pembeni, tangi livutwe lote.

Pampu ya presha ya juu hulainishwa na dizeli yenyewe na hufanya kazi kwenye bari 2,000 au zaidi. Petroli inaondoa ulaini huo, chuma kinasaga chuma, na vumbi lake linakwenda hadi kwenye nozeli ambazo matundu yake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. AdBlue ni mbaya zaidi: inaunda fuwele na kula chuma. Tofauti ya kuzima kabla na baada ya kuwasha ni tofauti ya kusafisha tangi na kubadilisha mfumo mzima. Kosa la kinyume, dizeli kwenye tangi la AdBlue, huua kinyunyizi na pampu yake, nalo usiwashe.

Maji kwenye dizeli yanatokea wapi?

Kwenye matangi ya kituo, na unyevu ndani ya tangi lako likikaa nusu muda mrefu. Chujio la dizeli huyatenga chini yake. Taa yake ikiwaka, yamwagwe siku hiyo hiyo. Chujio libadilishwe kama kitabu kinavyosema, na nusu ya muda huo kama mafuta hayaaminiki. Fundi akishabadilisha, ajaze mafuta kwa pampu ya umeme au kompyuta kwanza. Kupiga stata mfululizo kwenye mfumo mkavu kunakwaruza ile pampu tuliyoitaja.

Nisubiri kabla ya kuzima ili turbo ipoe?

Ukitoka mtaani, hapana. Ukitoka kupanda mlima na trela ukasimama papo hapo, ndiyo: iache ing'urume dakika moja, au endesha polepole dakika mbili za mwisho.

Tumepakia kwa safari ndefu. Upepo wa tairi?

Soma kibandiko cha nguzo ya mlango au kifuniko cha tangi. Kina safu mbili. Nyuma inaweza kutoka bari 2.3 (psi 33) gari likiwa tupu hadi 2.9 (psi 42) likiwa limejaa. Pima tairi zikiwa baridi. Vizito vikae chini, vikiwa vimegusana na mgongo wa kiti cha nyuma, na vifungwe kwenye pete za sakafuni. Juu ya usawa wa siti funga wavu. Shusha taa za mbele kwa kile kigurudumu kidogo, kama gari halijishushi lenyewe. Sanduku la paa ukishamaliza safari livue, linakula mafuta hata likiwa tupu.

Cheni au mkanda wa taiming?

Uliza kabla ya kununua, kisha andika umri na kilomita kwenye kitabu. Mkanda una vikomo vyote viwili, na gari lisilotembea sana hufikia miaka kwanza. Baadhi ya mikanda hufanya kazi ndani ya oili: oili isiyo sahihi huimenyua, na vipande vyake huziba chujio la pampu ya oili. Ukibadilisha mkanda, badilisha na pampu ya maji kama inazungushwa nao, pamoja na roli zake.

Nikifanya sevisi nje ya wakala, waranti itakufa?

Inategemea sheria na mkataba wako, kwa hiyo soma kijitabu cha waranti kabla ya sevisi ya kwanza. Popote utakapokwenda, risiti iwe na tarehe, kilomita, namba ya kibali ya oili na namba za vipuri. "Oili na filta" pekee haikusaidii siku turbo ikifa kwenye kilomita 80,000. Omba pia uchapishiwe kiasi cha masizi na majivu kwenye DPF kila sevisi. Kompyuta ya fundi inavisoma kwa dakika moja, na siku ya kuliuza karatasi hizo nne tano zina nguvu kuliko maneno yako yote.